Kuchagua kitabu cha rubani kwa safari ya tanga visiwani Ugiriki

Kujua kwamba bandari ipo, ramani ya bahari inatosha. Kazi ya kitabu cha rubani ni nyingine: kukuambia bandari hiyo inakinga upepo gani na inaachia upi, chini pana matope au mawe, gati lina kina gani karibu na ukingo, feri inafunga wapi, na ukikuta pamejaa ukimbilie wapi kabla jua halijazama. Ugiriki ina visiwa zaidi ya 200 vinavyokaliwa na watu na vingine vingi mno visivyokaliwa, kwa hiyo vitabu vya kuvieleza ni vingi, na bei yake si ya mchezo. Mwongozo huu ni wa anayepanga kukodi mashua ya tanga huko au kupeleka ya kwake, na anataka kujua fedha zake aziweke kwenye kitabu kipi.

Maandishi ya namna hii ni ya zamani sana, na pwani yetu imo ndani yake. Katika karne ya 1 mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alieleza safari ya kushuka pwani ya Afrika Mashariki hadi bandari ya Rapta: mwendo wa siku ngapi, bandari ziko wapi, kisiwa cha Menuthias kiko upande gani, na kwamba watu wake wana mitepe ya kushonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo moja. Manahodha wa Oman na Ghuba nao walikuwa na rahmani zao, madaftari ya nyota, rasi na vina. Anayekaa leo na kitabu cha rubani cha visiwa vya Ugiriki mapajani anafanya jambo ambalo mabaharia wa bahari yetu wamelifanya kwa karne nyingi.

Hatua ya 1: Amua ni maji yapi, na mwezi gani

Usinunue kitabu kabla ya kujibu hili. Ugiriki ina bahari mbili zenye tabia tofauti, na kitabu kinachofaa upande mmoja kinaweza kuwa mzigo tu upande wa pili.

Upande wa magharibi ni Bahari ya Ionia: Corfu, Paxos, Lefkada, Ithaki, Kefalonia, Zakynthos. Majira ya joto upepo wake mkuu huitwa maistro. Huamka mchana kutoka kaskazini-magharibi, hupata nguvu alasiri, kisha hulala jua linapozama. Umbali kati ya bandari ni mfupi na ghuba zilizofungika ni nyingi. Kwa safari ya kwanza ningemshauri mtu yeyote aanzie hapa, hata kama moyo wake uko Santorini.

Upande wa mashariki ni Bahari ya Aegean, na mwenye nyumba huko ni meltemi. Upepo huu hutawala hasa Julai na Agosti. Kaskazini mwa Aegean huja kutoka kaskazini-mashariki, katikati penye visiwa vya Cyclades huja kutoka kaskazini, na ukikaribia Rhodes umeshapinda kuwa wa kaskazini-magharibi. Nguvu ya 5 au 6 kwa kipimo cha Beaufort ni kawaida yake, na kufika 7 au 8 si ajabu. Aliyekulia kwenye kusi na kaskazi ataelewa haraka upepo unaoshika njia moja kwa wiki nzima, lakini asitegemee utulivu. Meltemi huvuma chini ya anga safi kabisa, bila wingu la kukuonya, na unaweza kuendelea usiku na mchana kwa siku kadhaa.

Ukienda Ionia, kitabu chako kiwe kizuri kwa magati, msongamano na maji. Ukienda Cyclades au Dodecanese (visiwa vya kusini-mashariki, karibu na Uturuki), kiwe kizuri kwanza kabisa kwa mahali pa kujificha. Na ukienda Septemba mwishoni au Oktoba upande wowote, tafuta kinachoeleza pepo za kusini, maana ghuba nyingi zilizokuwa salama Julai huwa wazi kwa pepo hizo. Septemba 2020 dhoruba iliyoitwa Ianos ilipiga Kefalonia, Ithaki na Zakynthos na kuharibu mashua nyingi.

Hatua ya 2: Zijue jamii za vitabu

Kuna vitabu rasmi vya idara za serikali, vilivyoandikwa kwa ajili ya meli. Uingereza ina mfululizo wake wa Admiralty. Juzuu la Aegean lina namba NP48, na kwa upande wa Ionia ni NP47. (Pwani yetu imo katika NP3.) Marekani ina Pub. 132 ya Mediterania ya mashariki, ambayo hupakuliwa bure kabisa. Idara ya ramani ya jeshi la majini la Ugiriki nayo ina vitabu vyake. Vyote hivi ni vya kuaminika kwa rasi, mikondo, minara ya taa na hatari za njiani, lakini vinamfikiria nahodha wa meli kubwa. Kighuba ambacho mashua ya mita 12 ingelala salama kinaweza kutajwa kwa nusu mstari au kisitajwe kabisa. Pakua kile cha bure, kisome nyumbani ujue sura ya bahari, ila usikitegemee kukupa mahali pa kulala.

Kisha kuna kitabu cha nchi nzima kwa ajili ya mashua. Kinachojulikana zaidi kwa Kiingereza ni Greek Waters Pilot cha Rod Heikell, kinachochapishwa na Imray, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1982 na kuhuishwa mara nyingi tangu hapo. Kinafunika pwani zote mbili na visiwa vyote, kwa hiyo ni kinene. Faida yake ni kwamba mpango ukibadilika, bado umo ndani yake. Anayemiliki mashua na atakayekaa Ugiriki misimu kadhaa anakihitaji.

Mwisho kuna vitabu vya eneo moja: Ionia peke yake, Aegean magharibi, au Dodecanese pamoja na pwani ya Uturuki iliyo mkabala. Hapo michoro ni mikubwa, vighuba vidogo vinapata nafasi, na bei na uzito hupungua. Kwa likizo ya wiki moja au mbili, hiki ndicho cha kununua. Sioni sababu ya mtu kulipia kurasa za Krete na Thasos wakati safari yake ni kutoka Lefkada kwenda Kefalonia na kurudi.

Vipo pia vya Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kigiriki. Kama unaishi na kufanya kazi Ulaya, tuseme Hamburg au Lyon, usiogope kuchagua cha lugha unayofanyia kazi kila siku. Kitabu cha rubani husomwa mashua ikirukaruka, mtu amechoka, na mwenzake anauliza kwa sauti kubwa agizo linalofuata. Lugha unayoisoma kwa kubahatisha haifai wakati huo.

Hatua ya 3: Kihoji kitabu kabla hujakilipia

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaporuka. Watu hununua kwa jalada na picha za angani. Fanya hivi badala yake: chagua bandari tatu za eneo unalokwenda, zifungue kitabuni (wauzaji wengi wa mtandaoni huonyesha kurasa chache za mfano), na uulize maswali yafuatayo. Nitatumia mifano halisi ili uone jibu zuri linafananaje.

Swali la kwanza ni la kinga. Chukua Livadi, kisiwani Serifos. Ghuba hii imefunguka kusini-mashariki, kwa hiyo bahari ya meltemi haiingii. Kitabu hafifu kitaishia hapo: "pamekingwa na pepo za kaskazini." Kitabu kizuri kitaongeza kwamba upepo wenyewe hushuka mlimani kwa vishindo vikali ingawa maji yametulia, na kwamba pepo zikigeuka kusini unapaswa kuondoka. Hili ni jambo kubwa katika visiwa vya Aegean. Mgeni hudhani kwamba nyuma ya kisiwa chenye mlima atapata kivuli cha upepo. Mara nyingi hupata kinyume chake: upepo hupanda mlima, kisha huporomoka upande wa pili kwa nguvu kuliko ile ya bahari wazi. Pwani ya kusini ya Amorgos na pwani za Karpathos zinasifika kwa hilo. Kitabu kisichotofautisha kinga ya mawimbi na kinga ya upepo, kirudishe rafuni.

Swali la pili ni la chini ya maji. Matope na mchanga hushika nanga. Nyasi za baharini zilizosongamana huizuia isizame, nayo hukokoteka huku wewe unadhani umefunga. Mawe huinasa isitoke. Kitabu kitaje aina ya sakafu na kiseme nanga hushika vizuri au vibaya. Ghuba ya Vlycho, Lefkada, ni ya matope yanayoshika vizuri. Bandari ya Symi ni ya kina kirefu hadi karibu na gati, kwa hiyo unahitaji mnyororo mrefu kuliko ulivyozoea, na jambo hilo lazima ulijue kabla ya kuanza kurudi nyuma kuelekea gatini.

Nasema kurudi nyuma kwa sababu ndivyo mashua nyingi zinavyofungwa Ugiriki: nanga inadondoshwa mbele, mbali na gati, kisha mashua inarudi kinyumenyume hadi tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikaribie ukingo na kamba mbili kutupwa nchi kavu. Hilo linaleta swali la tatu. Je, kitabu kinaeleza kuhusu mawe yaliyotokeza chini ya gati? Magati mengi ya visiwani yamejengwa juu ya kifusi kinachochomoza chini ya maji, na usukani wa mashua hukaa nyuma kabisa. Pale ambapo kifusi hicho kipo, kitabu kizuri huonya na kushauri ufunge omo, yaani sehemu ya mbele, gatini badala ya tezi. Kieleze pia kama kuna minyororo mikongwe sakafuni, na kama nanga za mashua za pande mbili hupishana, kama inavyotokea kila siku ya Agosti Hydra, bandari ndogo ambayo pia imetazama kaskazini na haina raha upepo ukitoka huko.

Swali la nne: kinakwambia pa kwenda pakijaa? Fiskardo, Kefalonia, hujaa kabla ya jioni wakati wa msimu. Ukurasa mzuri wa Fiskardo unakuonyesha pia sehemu za kufunga kamba miambani nje ya gati, na vighuba vya jirani. Kisiwani Kythnos, Kolona ina kichanga chembamba kinachoungana na kisiwa kidogo cha Agios Loukas, na pande zake mbili hukingwa na pepo tofauti. Kitabu kieleze upande upi kwa upepo upi.

Swali la tano ni kama kitabu kina ujasiri wa kukataza. Santorini ni mfano bora. Picha zote ni za ghuba ya volkano, lakini ndani yake maji yana kina cha mamia ya mita na mahali pa kutia nanga ni pa kutafuta kwa tochi. Bandari ndogo ya Vlychada kusini ina mlango unaojaa mchanga. Kitabu kikikuuzia Santorini kwa machweo bila kusema hayo, kimeandikwa kwa ajili ya abiria wa feri.

Hatua ya 4: Tazama mwaka wa toleo

Mwamba hauhami, lakini gati huvunjika na sheria hubadilika. Daraja la Rio hadi Antirrio kwenye mlango wa Ghuba ya Korintho lilifunguliwa Agosti 2004, na chombo kinachotaka kupita chini yake kinapaswa kuomba njia kwa redio, chaneli 14. Mfereji wa Korintho, uliofunguliwa 1893 na wenye urefu wa kilomita 6.3, ulifungwa Januari 2021 kwa maporomoko ya kuta zake, na baadaye ukawa unafunguliwa kwa misimu huku matengenezo yakiendelea. Aliyepanga kutoka Ionia kwenda Aegean kwa kitabu cha 2015 anaweza kujikuta analazimika kuizunguka rasi kubwa ya Peloponnese yote. Matetemeko nayo yana mchango wake: gati la Lixouri, Kefalonia, liliharibika mapema 2014, na bandari ya Kos ikaharibika Julai 2017. Kodi ya TEPAI kwa mashua zinazozidi mita 7 ilianza kutozwa Mei 2019. Mwenye mashua yake mwenyewe aijue kabla ya kuingia.

Kanuni yangu: toleo lisizidi miaka mitano, na hata hilo litafutiwe masahihisho. Imray huweka masahihisho ya vitabu vyake mtandaoni bure. Yachapishe na uyabandike kwenye kurasa husika kabla ya safari.

Mashua za kukodi huwa na kitabu ndani, na mara nyingi ni cha zamani. Mwandikie mwenye kampuni mapema, uliza jina na mwaka wa toleo. Akijibu "tunacho kitabu" bila mwaka, beba chako.

Hatua ya 5: Hakikisha majina hayakuchanganyi

Bandari inayoitwa Vathy iko Ithaki. Iko nyingine Meganisi. Iko Samos, Sifnos, Kalymnos na Astypalaia. Agios Nikolaos ni nyingi kupita kiasi. Juu ya hapo, kila jina lina tahajia kadhaa kwa herufi za Kilatini, na visiwa vingine vina jina la Kigiriki na la kigeni: Kerkyra ni Corfu, Thira ni Santorini, Evia ni Euboea. Faharasa ya kitabu iwe na majina yote mawili, na itaje kisiwa baada ya jina la bandari. Kama kina pia jina kwa herufi za Kigiriki, heri zaidi, kwa kuwa ndizo utakazoziona kwenye kibao cha gatini.

Jifunze maneno machache ya ramani: *ormos* ni ghuba, *limani* ni bandari, *akra* au *akrotiri* ni rasi, *nisi* ni kisiwa.

Hatua ya 6: Kitabu, ramani na simu visigombane

Michoro ya bandari ndani ya kitabu cha rubani si ya kuongozea chombo, na vitabu vyenyewe husema hivyo. Ni ya kukupa picha kichwani. Kuongoza, tumia ramani kamili ya bahari, ya karatasi au ya kielektroniki. Na hata hiyo ina historia: sehemu kubwa ya Aegean ilipimwa karne ya 19 na maafisa wa jeshi la majini la Uingereza kama Thomas Graves na Thomas Spratt. Walifanya kazi ya kustaajabisha, lakini hawakuwa na satelaiti. Viwianishi vilivyochukuliwa kutoka ramani ya zamani vinaweza kupishana na GPS kwa zaidi ya mita 100. Tazama kama kitabu kinasema viwianishi vyake ni vya WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS. Mlangoni mwa bandari, amini macho na kipima kina kuliko nukta kwenye skrini.

Programu za simu zenye maoni ya watumiaji zina faida moja kubwa: ni za jana. Zitakuambia gati linatengenezwa, bomba la maji limekauka, boya limeondolewa. Lakini maoni ya "tulilala vizuri sana" hayana thamani mpaka ujue upepo ulikuwa gani usiku huo. Soma tarehe, angalia kama mwandishi ametaja upepo, kisha rudi kwenye kitabu.

Kwa waliozoea bahari ya Afrika Mashariki

Mambo mawili. La kwanza ni maji kujaa na kupwa. Unguja na Mombasa bamvua, yaani maji makuu, hufanya tofauti ya karibu mita 4. Ugiriki mahali pengi haifiki hata nusu mita. Kwa hiyo vina vilivyoandikwa kitabuni ndivyo utakavyovikuta karibu saa zote, na usitegemee maji yapande yakuokoe ukipanda mchangani. Mahali pa pekee kabisa ni Chalkida, kati ya Evia na bara, ambapo mkondo mkali hugeuka kama mara nne kwa siku na daraja hufunguliwa usiku kwa mashua kupita. Kitabu chochote unachochagua kwa njia hiyo lazima kieleze utaratibu wake kwa kina. Mlango wa Kafireas, kati ya Evia na Andros, nao ni wa kusoma mara mbili kwa mkondo na upepo wake. La pili ni jepesi: maboya ni ya mfumo ule ule tunaotumia, nyekundu kushoto ukiingia bandarini.

Hatua ya 7: Kitumie kabla ya nanga kung'olewa

Kila jioni, nahodha na msaidizi wake wakae na kitabu na utabiri wa hali ya hewa wa idara ya Ugiriki au wa Poseidon, mfumo wa Kigiriki wa utabiri wa bahari. Andikeni kwa kalamu ya risasi bandari tatu za kesho: mnayoitaka, ya pili kama ya kwanza imejaa, na ya kukimbilia kama upepo utazidi utabiri. Ya tatu iwe upande ambao upepo utawasukuma, kwa sababu kurudi kinyume na meltemi ya nguvu ya 7 na wafanyakazi wageni ni mateso, na mara nyingine haiwezekani. Kwa kila moja andikeni kina, aina ya sakafu, tezi au omo gatini, na hatari ya mlangoni. Karatasi hiyo ibandikwe karibu na usukani ndani ya mfuko wa plastiki, na kitabu chenyewe kibaki chini, kikavu, kimefunguliwa ukurasa wa bandari ya tatu.